Mlango wa Mwajiri

Uliwaona. Usianze kukuna kichwa, uliwaona. Wanawake wa Kijani Juu wakishuka kilima cha Makambako mchana kweupe, zamu imekwisha, wanatembea kama watu walioamka sasa hivi. Hakuna anayepiga miayo wala anayeshika kiuno, na nyuma ya sikio la kila mmoja kuna kitone cha buluu kinachometa kama jicho la mjusi. Ukasema, "Wamependeza." Ukapandisha kioo cha gari. Parachichi lililokuja mezani kwako lilikuwa laini, halina doa, na hukuuliza lilipita mikononi mwa nani, wala mikono hiyo ililala lini.

Ni tabia ya zamani hiyo. Babu zetu walipotolewa Njombe kwenda kukata mkonge Tanga, walipewa namba wakaitwa manamba, na kando ya njia walisimama watu wa aina yako, wakatazama milima. Wenye mashamba wale wamekufa. Mkonge ulianguka bei. Namba haikufa, ilitafuta tu mahali pengine pa kukaa.

Basi sikiliza habari za Enitha Mgaya, maana yeye hakutazama milima. Alifanya baya zaidi. Alitazama, akaelewa, akafungua mlango.

*

Enitha alikuwa mkuu wa usambazaji katika kampuni ya Utando Saba. Wengine pale waliandika programu za simu. Yeye aliamua programu itawafikia wateja kwa njia ipi. Watu walidhani ni kazi ya karani. Hawakujua kwamba programu ileile, ikipita njia hii ni dawa, ikipita ile ni mjeledi.

Siku hiyo programu iliyokuwa mezani iliitwa Wepesi. Ilikaa kwenye simu, ikazungumza na kipuli, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kinachobandikwa nyuma ya sikio. Kipuli kilinong'oneza mshipa wa fahamu, na ule ujumbe ambao misuli hutuma kichwani, "tumechoka, tupumzishe," ukaishia njiani. Uchovu wenyewe haukwenda popote.

"Ni kumfunga mbwa mdomo," alipenda kusema Lwitiko Mwaipaja, mwenye kampuni, kijana mchangamfu aliyecheka kabla ya utani wake kufika. "Mwizi yuko uani vilevile. Ila wewe unalala."

Mteja alikuwa Meneja Ignas Mtewele wa Kijani Juu, ghala la kupakia parachichi lililoshika kilima kizima, ambako ndege zisizo na rubani zilishuka na kupaa na makasha kama nyuki kwenye mzinga. Mtewele alikuwa ameonja Wepesi mwenyewe wiki nzima na aliitaka kama mtoto anavyotaka ziwa.

"Dada Enitha," alisema, "nieleze kama unavyomweleza bibi yangu. Inawafikiaje wafanyakazi wangu?"

"Njia ni tatu, meneja. Ya kwanza ni Duka la Wazi. Inawekwa pale, kila mtu anaiona, anaipakua mwenyewe, akiichoka anaifuta. Ya pili tunaiita rafu ya pazia. Ni dukani humohumo, lakini nyuma ya pazia. Wanaoiona ni watu wako tu. Zote mbili zina wakaguzi wa duka, na wakaguzi hawa sharti lao kwa vitu vinavyogusa mwili ni moja. Aliyevaa awe na kitufe cha kuzima, kwenye simu yake, mahali anapokiona."

Mtewele alicheka mpaka tumbo likagonga meza. "Kitufe! Yule Semeni Luvanda nimpe kitufe? Saa nne asubuhi ghala zima limezima, wamekaa wanasukana nywele."

"Kitufe ni chao, meneja. Mwili ni wao."

"Na mkataba wa parachichi ni wa nani? Wa bibi yangu?" Alianza kukusanya funguo zake. "Lwitiko, mwanangu, mmenipotezea muda."

Lwitiko alimtazama Enitha. Hakumtisha, usimsingizie. Alimtazama tu kama mtu anayeona basi lake likiondoka. Na Enitha, ambaye alikuwa amehangaikia Wepesi tangu ikiwa michoro ubaoni, aliyekuwa ameahidi mbele ya wenzake wote kwamba hii ndiyo itakayowatoa, aliziona funguo zikielekea mlangoni.

"Ipo ya tatu," alisema.

Funguo zikatua.

"Mlango wa Mwajiri. Haipiti dukani kabisa. Sisi tunaipiga muhuri wetu wa kidijitali, tunakukabidhi wewe, na wewe unaisukuma kwenye simu za kampuni yako. Hakuna mkaguzi. Kitufe kinakaa kwenye meza yako ya kuongozea. Mfanyakazi hawezi kuifuta." Akaongeza haraka, kana kwamba anajaribu kukirudisha kikapuni alichokimwaga, "Lakini haitufai. Sharti lake simu iwe mali ya kampuni na itumiwe na mtu mmoja tu. Wale mama wana simu zao."

Nje ndege moja ya Kijani Juu ilipita na mzigo.

"Labda," alisema Enitha, "mngewapa simu."

Hilo ndilo neno. Lishike. Hakulisema Mtewele wala Lwitiko. Alilisema mtu aliyekuwa na hoja nzuri dakika moja kabla.

Baadaye, kwenye skrini ya kufungulia Mlango wa Mwajiri, kulikuwa na swali moja: je, kila kifaa kitatumiwa na mtu mmoja tu? Enitha alikulia Mtwango, katika nyumba ambayo simu ililala kwenye fundo la kanga ya mama yake na ilikuwa mali ya ukoo. Ilikuwa simu ya mama, ya mjomba, ya jirani anayengoja habari kutoka Songea, ya mtunza hazina wa kwaya. Alijua kuliko yeyote pale ofisini kwamba kutoka Makambako hadi Makete hakuna kitu kinachoitwa simu ya mtu mmoja. Akabonyeza Ndiyo. Kidole hakikutetemeka. Kingetetemeka tungesema walau kidole kilikuwa na dhamiri.

*

Simu zilitolewa kwa sherehe. Wanawake walipiga vigelegele, wakacheza, wakabandikwa vipuli na vijana waliovaa glavu nyeupe. "Haki ya Mungu," alipaza sauti Semeni Luvanda baada ya muda mfupi, akinyanyua kreti kwa mkono mmoja, "nimerudi usichana! Mume wangu leo atanitambua?" Ghala likaangua kicheko. Enitha naye alicheka. Alikuwepo, amesimama karibu na keki.

Miezi ikapita. Wepesi ilifanya ilichoahidi, na tena ilijifunza. Hapa ndipo penye ufundi wake, usiruke. Ndani ya Wepesi kulikuwa na dari: mpaka ambao mwili ukiufikia, programu huachia ule ujumbe wa uchovu upite, mtu aketi. Dari hilo halikuwekwa na daktari. Wepesi ililipima yenyewe kwa miili iliyokuwa nayo. Ikiona mwili mmoja umebeba zaidi bila kuanguka, husema kumbe inawezekana, ikawapandishia wote.

"Njoo uone ajabu," Lwitiko alimwita siku moja, amegeuza skrini. "Huyu mama ni chuma!"

Ulikuwa mstari wa Semeni. Anapakia parachichi zamu nzima. Anapanda mlima. Analima. Anatwanga. Anabeba maji. Analima tena. Mstari haukuwa na tuo, kama mto.

"Dari limepanda lenyewe, kwa ajili yake," alisema Lwitiko. "Keshokutwa saa tisa alasiri, zamu ya mchana ikiwa kazini, toleo jipya linasukumwa kwa ghala zima. Na kuna wengine wamepanga foleni, Enitha. Wa makaa ya mawe. Wa malori. Hospitali moja inataka kwa wauguzi. Wote wanasema hawataki duka, wanataka ule mlango wako."

Mlango wako.

Enitha alisogea karibu na skrini. Mapigo ya moyo yalikuwa yanabadilika. Asubuhi moyo mzito, wa mtu mzima mwenye mwili. Alasiri moyo mwepesi, wa haraka, wa msichana. Jioni moyo uliokwaruza kidogo, kama wa bibi. Mashine iliona mtu mmoja kwa sababu iliambiwa ni mtu mmoja. Enitha aliona uani kwao.

"Umeonaje?" Lwitiko aliuliza.

Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Sentensi moja tu ingetosha.

"Vizuri," alisema.

*

Kesho yake alikwenda Mtwango. Alijiambia anakwenda kumsalimia mama yake, lakini hakukata kona ya kwa mama yake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Semeni, akamkuta uani anafua shuka.

"Kamwene, dada Semeni."

"Kamwene, mtoto wa Mgaya! Loh, viatu hivyo na matope yetu wapi na wapi. Umekuja kununua kiwanja?" Kinywa chake kilitania lakini mikono haikuacha kukamua. Nyuma ya sikio lake hapakuwa na kitu, ngozi tu yenye alama ya duara.

"Kipuli chako kiko wapi?"

Semeni akatazama barabarani, kisha akamtazama yeye. "Nani anauliza? Wewe, au ofisi?"

"Mimi."

"Basi wewe nitakwambia. Kiko kwenye kisanduku cha chumvi, na simu yake. Kimepumzishwa tangu jana." Akatundika shuka. "Usinikodolee macho. Umekulia hapa. Moto hatunyimani, chumvi hatunyimani, tunyimane wepesi? Mimi nikitoka zamu nampa mdogo wangu Vaileti, analima. Vaileti akimaliza anampa mke wa Ngailo. Siku ya mgowe, tunapolima shamba la mwenzetu kwa zamu, kila mmoja anakivaa tuta zima, halafu anampa wa nyuma yake. Wa nyuma anasubiri kwa hamu, anakuimba, 'Toa, mroho wewe, toa!' Tulilima mlima ule wote, Enitha. Mlima ambao marehemu baba aliuogopa."

"Mliambiwa simu ni ya mtu mmoja."

"Tuliambiwa. Simu ya mtu mmoja wewe umeiona wapi?"

Jibu la Enitha lilikuwa Ndiyo, na alikwisha kulibonyeza.

"Vaileti yuko wapi?"

Kicheko kilitoka usoni mwa Semeni kama maji yanavyotoka kwenye karai lililotoboka. Akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

Vaileti alikuwa amelala chali, miguu imevimba kama ya mtu mwingine. Kando ya kitanda palikuwa na chombo, na mkojo uliokuwamo ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

"Mganga wa zahanati anasema nyama za mwili zimejipasua, zinatoka na mkojo, zimeziba figo," Semeni alisema kwa sauti ya chini. "Gari la kumpeleka hospitali kubwa linakuja. Alilima bila kusimama. Tulimwita ale, anasema sasa hivi. Tukamwita anywe maji, anasema namalizia. Alianguka huku bado anaomba jembe."

Vaileti akafungua macho. Yalikuwa macho ya furaha, na hilo ndilo lililomfanya Enitha ashike mlango.

"Dada Enitha! Umenenepa. Mbona mmekunja nyuso kama mko kanisani? Mwambie Semeni anirudishie kipuli. Mimi siumwi. Nimeacha tuta langu nusu, wataniimba."

Semeni alimvuta Enitha nje kwa mkono.

"Usiseme huko kwenu. Nakuomba kwa jina la mama yako. Wakijua tunaazimana watasema tumevunja masharti, watatufukuza wote. Hapa kijijini nyumba zote zinakula kwa Kijani Juu."

Enitha alitazama shuka iliyotundikwa. Maji yalikuwa yanadondoka. "Dada Semeni. Kuna njia tatu za kuwapa watu programu. Ile mliyopewa ninyi, isiyo na kitufe. Niliichagua mimi."

"Unasema?"

"Wao hawakuijua. Niliwaonyesha. Na nilijua mtaazimana. Nilijua."

Alingoja kofi. Alilitaka, maana kofi humaliza jambo. Semeni hakumpa. Alichota maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, akachukua kitambaa.

"Nipishe nimwogeshe mdogo wangu," alisema. Mlangoni akasita, hakugeuka. "Wenzangu kesho wana zamu ya mchana. Wote wamevaa."

*

"Tuwaambie ukweli," Enitha alimwambia Lwitiko kesho yake saa nane mchana. "Mstari ule ni watu wanne, watano. Dari lile ni la uongo. Hakuna mwili unaoweza."

Lwitiko alifunga skrini yake. Safari hii hakucheka. "Nikimwambia Mtewele hivyo, atafanya nini? Atashusha dari, au atawafukuza kina Semeni kwa kuazimana?"

"Atawafukuza."

"Halafu atabandika vipuli vile kwa wengine. Unaona? Ukweli wako utawapiga walewale."

"Basi nafuta muhuri."

Hapo Lwitiko alisimama. Muhuri wa Mlango wa Mwajiri ulikuwa mikononi mwa Enitha, yeye ndiye aliyeufungua. Ukifutwa, kila Wepesi iliyopita mlango ule hufa papo hapo, kwenye kila simu.

"Unajua kitakachotokea," alisema polepole. "Uchovu haukwenda popote, Enitha. Umekaa mlangoni miezi yote hii. Ukimfungua mbwa mdomo ghafla, watu wako juu ya majukwaa, wako kwenye visu vya kukatia vikonyo, wako chini ya ndege zinazoshuka. Wataanguka kama nguo kwenye kamba. Utawaua kwa kuwahurumia." Akalainisha sauti. "Toleo lijalo tutalipitisha rafu ya pazia. Litakuwa na kitufe. Nakuahidi. Taratibu. Mimi pia nina mama, dada."

Na huo ndio mtego wenyewe. Haukutegwa na shetani. Uliundwa na watu waungwana wanaosema taratibu. Akinyamaza, saa tisa dari linapanda na kila mwili ghalani unageuka Vaileti. Akifuta, wanaanguka wakiwa wamesimama juu ya chuma. Na kila upande aliougeukia Enitha alikuta alama ya kidole chake mwenyewe.

Alichukua simu yake na kitambulisho cha fundi, akatoka. Lwitiko alimwita mara mbili. Hakumkimbilia. Kesho angesema alijaribu kumzuia.

Ghalani kulikuwa na kelele za mikanda na baridi ya majokofu. Wanawake walikuwa wanafanya kazi wakiimba, na walikuwa wanapendeza kweli, hapo hukudanganyika. Enitha alipita katikati yao. "Pumzikeni kidogo," alimwambia wa kwanza. "Keti kidogo, mama."

"Nikae nina nini? Sijachoka, mwanangu."

"Keti tu."

"Nikukalie wewe, msimamizi anikalie mimi?" Wenzake wakacheka. Msimamizi alikuwa ameshageuza shingo.

Hakuna atakayeketi ambaye hajachoka. Enitha alisimama pale, saa ya ukutani ikiikaribia tisa, na akakumbuka kitu kimoja tu duniani kinachomkalisha mwanamke wa kwao bila kumwuliza anajisikiaje. Habari ya msiba haipokewi kwa kusimama. Anayeileta husema kwanza keti, na aliyeambiwa keti hushuka chini kabla hajajua ni nani, miguu ameinyoosha mbele, ili ardhi impokee kabla ya habari.

Akavuta kanga iliyokuwa imetundikwa msumarini, akajifunika kichwa. Akapanda juu ya kreti.

"Akina mama wa Mtwango!" Sauti yake ilipasuka, na haikuwa maigizo. "Akina mama wa Igwachanya, wa Ilembula! Shukeni. Kaeni chini wote. Kuna msiba."

Nyimbo zilikatika. Mikanda iliendelea yenyewe na parachichi zake. Walishuka kwenye majukwaa wakishikana mikono, wakaweka visu, wakaketi sakafuni safu kwa safu, wengine tayari wameanza kulia, maana kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani au mtu safarini. Msimamizi naye, mtu wa Uwemba, aliketi. Mila zilimkalisha kabla hajakumbuka cheo.

Enitha alitazama zile nyuso zikimngoja awape jina. Akafuta muhuri.

Vitone vya buluu vikazimika.

Hakikutokea kishindo. Ilianza kama upepo kwenye shamba la ngano, vichwa vikiinama upande mmoja. Wengine walitoa sauti, si ya kilio, ni ile sauti ya mtu anayetua kuni alizobeba kutoka mbali. Wengine walitazama mikono yao kwa mshangao, kana kwamba imerudishwa na mtu aliyeiazima akaivunja. Walilala walipoketi, wakiegemeana.

Mmoja hakuwa ameketi. Tulalumba Kinyunyu, mpima uzito, alikuwa ameganda ngazini juu, ameshika reli, anasubiri kwanza asikie kama ni mtu wake. Enitha hakumwona mpaka aliposikia mgongano. Alimkuta kati ya makreti, taya limekaa vibaya, damu kifuani, macho wazi yakimwuliza.

Mama mmoja mzee karibu na ngazi alimshika Enitha pindo la suruali. Kope zake zilikuwa nzito, lakini aling'ang'ana nazo kama mtu anayeushika mlango usifungwe.

"Nani, mwanangu?" alinong'ona. "Nani katutoka?"

Enitha alimwinamia. Alikuwa amemwita mauti kwenye nyumba za watu walio hai, na hakuwa na jina la kumpa. Mkono wa yule mama ulilegea kwenye pindo. Alikuwa amelala kabla ya jibu.

Mtewele aliingia anatukana, akafika katikati ya sakafu, akanyamaza. Hakuwa amewahi kuwaona wamechoka. Alirudi nyuma kwa vidole vya miguu kama mtu aliyeingia chumba cha wazazi. Lakini alipofika mlangoni alitoa simu, na simu ya Enitha nayo ikaita wakati uleule.

"Enitha." Ilikuwa sauti ya Lwitiko, ya mtu aliyechoka kwa njia ya kawaida. "Nisamehe. Mtewele yuko kwenye laini nyingine. Ulipotoka tu nilitengeneza muhuri mpya. Huu ni wangu, wewe huna ufunguo. Wale wa makaa na wale wa malori nimewapa tayari, kwa mlango uleule. Kijani Juu watarudishiwa wakiamka."

Enitha aliketi sakafuni, kichwa cha Tulalumba mapajani, akakandamiza kanga kwenye taya lile. Alijua kila hatua Lwitiko aliyoipitia kuufungua, maana yeye ndiye aliyemfundisha. Alijua na lile swali la kwenye skrini, na alijua Lwitiko amejibu nini.

Alichoweza kufanya kwa kidole amekifanya, na kimetosha zamu moja. Wataamka. Wakiamka, vijana wenye glavu nyeupe watakuwa mlangoni, na safari hii hakuna aliye ndani mwenye ufunguo. Aliyebaki ni aliye nje, na aliye nje ni wewe. Una dada kwenye machimbo, una shemeji kwenye malori, una muuguzi atakayekuchoma sindano wiki ijayo bila kupiga mwayo. Unajua lango liko wapi, umelipita mara ngapi? Weka chini ulichoshika. Nenda ukasimame pale kabla zamu haijaingia, uwaite kwa majina, uwaambie waketi kwanza, kisha uwavue vipuli kwa mkono wako, na atakayekuja na glavu akukute umesimama njiani. Usiseme kesho, wala usiseme taratibu.

Wameanza kujigeuza sakafuni. Nenda.